Mhariri, tunaomba viti

Ndugu Mhariri,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama ni rika langu basi habari za kazi. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi ila sijawahi kuandika, na hii barua nimeiandika kwa siku sita, nusu saa nusu saa, nimelala kitandani simu nimeiegemeza kwenye mto, kwa hiyo kama kuna sehemu nimejirudia mnisamehe, kateni tu.

Kilichonifanya niandike ni barua ya msomaji mwenzetu wiki mbili zilizopita, aliyelalamika kwamba wafanyakazi wa madukani siku hizi ni wavivu, unamkuta binti mzima mwenye afya yake ameegemea kaunta, mwingine kakalia kreti ya soda, mteja ukifika ananyanyuka kama kabebeshwa mfuko wa saruji. Simlaumu, maana hata mi zamani ningeona hivyohivyo. Ila yule binti mwenye afya yake nilikuwa mimi. Sio huyo aliyemkuta yeye, huyo simjui, lakini nimefanya kazi nyuma ya kaunta kama keshia kwa miaka mitatu na ugonjwa usioonekana na hiyo kreti ya soda naijua vizuri sana.

Mwaka 2019 Dar es Salaam tulipigwa na homa ya dengi, waliokuwepo wanakumbuka, kila nyumba ilikuwa na mtu anaumwa viungo mpaka macho yanauma ukiyageuza. Dengi inaletwa na mbu anayeuma mchana, sio huyu wa malaria wa usiku, kwa hiyo chandarua nilichokuwa nalalia hakikunisaidia kitu, na mpaka leo nahisi niling'atwa palepale stoo kazini. Nililala ndani siku nane. Homa ikaisha, vipele vikaisha, nikarudi kaunta, watu wakaniambia pole, uchovu utaisha, kunywa maji mengi. Haujaisha mpaka leo.

Naomba niueleze huu uchovu kwa sababu neno lenyewe ndo linatuponza. Sisi kuchoka ni kuchoka tu. Tunaambiana pole na kazi, mtu anajibu nishapoa, na kweli akilala asubuhi anaamka kapoa. Huu wangu haupoi kwa kulala. Naamka saa kumi na mbili asubuhi mwili kama nilikuwa napakua lori la mahindi usiku kucha, mikono mizito mpaka kushika mswaki ni kazi, koo linawasha kama mafua yanakuja na hayaji. Na kitu ambacho watu hawakielewi kabisa, hata mume wangu kilimchukua muda, ni kwamba naweza nikafanya kitu leo na nikaonekana mzima. Naweza nikafua, nikaenda sokoni, nikacheka na majirani. Malipo yanakuja kesho, au keshokutwa. Nadhani wengi wenu mnaijua mikopo ya kausha damu, unapewa laki leo unatoka unatabasamu, halafu marejesho yake yanakuja kila siku na riba ambayo hukuielewa wakati unasaini. Basi mwili wangu unakopesha hivyo. Nikijilazimisha saa mbili za ziada Jumamosi, Jumatatu na Jumanne niko kitandani, pazia limefungwa, siwezi hata sauti ya redio. Sasa aliyeniona Jumamosi na asiponiona Jumatatu anasema nini? Anasema natega kazi.

Halafu kuna kichwa. Kinaingia ukungu. Bei za vitu nilizokuwa nazijua kichwani bila kuskani zikapotea, mteja ananitajia elfu kumi na mbili mia nne namwangalia tu, maneno nayasikia ila hayaingii. Mwezi mmoja nilipata shoti ya elfu arobaini, nilirudisha chenji vibaya mara mbili siku moja, nikakatwa kwenye mshahara. Sikubisha, pesa ilikuwa haipo kweli.

Lakini sumu kubwa kuliko zote ilikuwa kusimama. Pale kazini keshia hakai. Shifti saa tisa, mapumziko ya chakula kidogo, unasimama. Mi nikisimama dakika ishirini hivi moyo unaanza kudunda kama nimepanda ghorofa tano mbio, jasho la baridi, macho yanaanza kuona nyotanyota, nikikaa chini dakika chache inapungua. Ni rahisi hivyo. Dawa yake kwa wakati ule ilikuwa kiti, basi. Sikuwa na kiti kwa hiyo nilikuwa najifanya nimedondosha kalamu nachuchumaa, au naenda stoo nakalia kreti, na nikitoka nakuta foleni imejaa na watu wamenuna. Wana haki ya kununa. Ila hakuna hata mmoja aliyejua kwamba bila ile kreti wangeniokota chini.

Kuhusu hospitali sitaongea sana. Kila tukienda ni malaria, taifodi, yutiai, na karibu kila mara wanakuta kimojawapo au wanasema wamekuta, unapewa dawa za siku tano unarudi nyumbani na uchovu wako. Nimepimwa wingi wa damu, sukari, tezi ya shingoni ile thairodi, VVU zaidi ya mara tatu, ini, figo. Majibu mazuri. Ungedhani mtu angefurahi kuambiwa majibu yako mazuri, lakini mi ilifika mahali natoka maabara nalia kwa sababu majibu mazuri maana yake hakuna ED, ile karatasi ya daktari ya kukupumzisha kazi, na bila ED kesho niko kaunta. Daktari mmoja aliniambia una stresi dada, tafuta kitu cha kukufurahisha. Shangazi yangu akasema nina jini, nikasomewa. Mama mkwe akaleta mlonge, rozela na bitruti, Mungu ambariki, yeye hakuwahi kuniita mvivu hata siku moja, alisema tu mtoto huyu damu imekauka.

Marafiki wakasema tatizo hufanyi mazoezi. Nikajiunga na jogingi klabu ya mtaani, Jumapili alfajiri, tisheti nikanunua. Nilikimbia Jumapili mbili, taratibu tu kwa nyuma na wamama. Ile ya pili ilinilaza wiki mbili na nusu. Baadaye sana ndo nikaja kujua kwamba hata Uingereza walikuwa wanawaambia wagonjwa wa aina yangu waongeze mazoezi kidogo kidogo kwa ratiba, mpaka Oktoba 2021 ndo NICE, taasisi yao inayotoa miongozo ya tiba, ikauondoa ule ushauri kwa sababu unaweza kumuumiza mgonjwa. Siku niliyosoma hicho kitu nilimuita mume wangu aje asome na yeye. Miaka miwili nilikuwa naamini nimeshindwa mazoezi kwa kukosa moyo wa kujikaza.

Mwaka 2022 ndo nikakutana na daktari mmoja wa kike ambaye aliweka kalamu chini akanisikiliza toka mwanzo mpaka mwisho. Akaniambia ugonjwa huu upo, kwa kifupi unaitwa ME/CFS, ni uchovu sugu ambao mara nyingi unaanza baada ya maambukizi ya virusi, na hauna kipimo cha damu wala picha ya kuuonyesha, daktari anautambua kwa kusikiliza historia na kuondoa magonjwa mengine. Vigezo alivyotumia ni vya Taasisi ya Tiba ya Marekani vya mwaka 2015: uwezo wa kufanya mambo yako ushuke sana kwa zaidi ya miezi sita, hali izidi baada ya kujitumikisha, usingizi usiburudishe, na juu ya hayo uwe na ukungu wa kichwa au ushindwe kuvumilia kusimama. Nilikuwa navyo vyote. Ile ripoti ilikadiria kwamba Marekani peke yake wapo kati ya watu 836,000 na milioni 2.5 na wengi wao hawajawahi kuambiwa wanaumwa nini. Hiyo ni Marekani kwenye vipimo kila kona. Dawa ya kuuponya haipo, aliniambia wazi, kilichopo ni kujua mpaka wa nguvu zako na usiuvuke. Nilitoka pale sina dawa hata moja mkononi na ndo siku niliyolala vizuri kuliko zote.

Mhariri, nina simu na nina muda mwingi wa kulala, kwa hiyo nimesoma. Mwaka 1955 pale London kwenye hospitali ya Royal Free wafanyakazi zaidi ya 200, wengi wao manesi na madaktari, walianguka na ugonjwa kama huu ndani ya miezi michache mpaka hospitali ikafungwa. Mwaka 1970 madaktari wawili wa magonjwa ya akili wakapitia mafaili wakaandika kwamba ile ilikuwa histeria, na moja ya sababu zao ni kwamba wagonjwa wengi walikuwa wanawake. Mwaka uliotangulia, 1969, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshauweka ugonjwa huu kwenye orodha yake kama ugonjwa wa mfumo wa fahamu, lakini hilo neno histeria ndo lililokaa vichwani mwa watu miaka na miaka. Nilivyosoma nikakumbuka shule yetu ya msingi, mabinti wakianguka darasani moja kwa moja ni mashetani, anaitwa shehe, anaitwa mchungaji, hakuna aliyewahi kuuliza huyu mtoto kala nini jana. Mwanamke akisema mwili wangu hauna nguvu wa kwanza kutafutwa ni shetani, wa pili ni uvivu.

Na sisi ugonjwa tunautambua kwa macho, hiyo ndo shida yetu. Mgonjwa ni aliyekonda. Mi sikukonda, nilinenepa kidogo kwa sababu ya kulala, basi kila nikikutana na mtu ananiambia mbona umenawiri hivyo, raha hizo. Nimelelewa na babu ambaye alikuwa mtu wa Azimio la Arusha hasa, kwake asiyefanya kazi ni kupe, neno hilo nimelisikia toka nina miaka mitano, na ndilo lililokuwa linanizunguka kichwani kila nilipolala mchana na jua linawaka. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye watu 20 au zaidi asilimia tatu ya wafanyakazi wake wawe wenye ulemavu, ni sheria nzuri, ila nani atanihesabu mimi pale? Sina bakora, sina kiti cha magurudumu. Kwenye daladala za Mbagala mzee anapishwa, mjamzito anapishwa, mi nikiomba nikae nitajibiwa nini? Nilikuwa nageuza na gari, napanda kabla halijafika mwisho nalipa nauli mara mbili ili tu nipate siti. Mshahara wangu wa keshia ulikuwa unaishia huko.

Sasa nirudi kwenye kiti. Baada ya yule daktari kunieleza nilikwenda kwa meneja, na barua ya daktari mkononi, heshima zote. Nikamwambia bosi naomba niruhusiwe kukaa wakati nahudumia wateja, skana naifikia, droo naifikia, kazi itaenda. Akasoma barua, akanirudishia. Akasema dada'angu, hapa nikikupa wewe kiti kesho wote wanataka viti, na mteja akiingia akakuta watu wamekaa atasema hapa hakuna kazi. Nikamwambia basi nitaleta ya kwangu. Nilishainunua kabisa, stuli ya plastiki ya bluu, elfu kumi na tano, ilikuwa kwenye mfuko pale pembeni ya mlango wa ofisi. Akasema hapana, na akaniangalia toka juu mpaka chini, akasema na wewe mbona uko vizuri tu.

Sikumchukia. Alikuwa na bosi wake na yeye. Ila nimeibeba ile kauli mpaka leo.

Nilivumilia miezi mitano mingine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, nimeisoma na naishukuru, wenzetu wa Kenya sheria yao inaanzia siku saba za mshahara kamili na saba za nusu kwa mwaka. Lakini likizo ni ya mtu aliyelala. Mi nilikuwa siombi kulala, nilikuwa naomba kufanya kazi nimekaa. Kwa hiyo nilikuwa nachoma siku zangu moja moja, Jumatatu hii, Jumanne ile, na kila moja inatakiwa na cheti cha daktari, yaani mtu usiyeweza kunyanyuka kitandani unapanda daladala mbili kwenda kupanga foleni upate karatasi ya kusema huwezi kunyanyuka. Ziliisha. Nikaacha mwenyewe, sikufukuzwa, naomba hilo lieleweke.

Na hili la viti sio anasa ya mtu mmoja mgonjwa. Uingereza walitunga sheria ya viti kwa wauzaji wa madukani mwaka 1899, kiti kimoja kwa kila wasichana watatu, mwaka 1899 jamani! India majimbo ya Kerala mwaka 2018 na Tamil Nadu mwaka 2021 yametunga sheria kwamba muuzaji wa dukani ana haki ya kukaa, na Kerala ni wanawake wauzaji wa madukani wenyewe walioipigania, walikuwa wanasimama kutwa miguu imevimba. Shirika la Kazi Duniani toka mwaka 1964 lina mkataba, namba 120, unaosema wafanyakazi wa maduka na maofisi wawekewe viti vya kutosha na wapewe nafasi ya kuvitumia. Nani anaumia keshia akikaa? Bei ya sukari inapanda?

Nafikiria wengine pia. Pale kazini kulikuwa na kijana wa selimundu, alikuwa anaficha kabisa, akibanwa na maumivu ya viungo anasema tumbo. Yupo mama ambaye damu ilikuwa ndogo kila mara, na hili nataka wanawake wenzangu walisikie, utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2015-16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 nchini wana upungufu wa damu. Karibu nusu yetu. Kwa hiyo ukichoka kupita kawaida usikimbilie kusema una ugonjwa kama wangu, pima damu kwanza, pima thairodi, pima sukari, vingi vinatibika na utapona kabisa, nakuombea iwe hivyo. Na tafadhali msinunue hizo chupa za kuongeza nguvu zinazouzwa kwenye mabasi, nimezinywa nyingi.

Wenye maduka sitawaomba mambo makubwa. Kama kazi inaweza kufanyika mtu amekaa, akae. Mtu akileta barua ya daktari isomwe barua yake, sio mashavu yake. Na kama kuna uwezekano wa kugawa shifti, saa nne nne, wapo watu wazuri sana wanaoweza saa nne na hawawezi tisa, na hizo nne watazifanya kwa uaminifu kwa sababu wanajua thamani ya saa moja ya nguvu kuliko mtu yeyote hapo dukani. Madaktari nao, ED ya mgonjwa ambaye majibu yake ni mazuri isiwe kama mnampa zawadi.

Mi sasa hivi nina kibanda cha uwakala wa pesa karibu na nyumbani, hatua chache tu kutoka mlangoni. Nafungua saa nne, nafunga saa nane, siku mbaya sifungui, wateja wameshanizoea wanapiga simu kwanza. Kipato sio kile cha mshahara, mume wangu amebeba mengi. Lakini nahesabu pesa nimekaa na toka nimeanza sijapata shoti kubwa hata moja.

Na kwa yule msomaji aliyeandika, kaka au dada yangu, naomba kitu kimoja. Hilo duka ulilomkuta binti kakalia kreti, usilitaje gazetini, lakini ukipita tena mwambie huyo binti anitafute, namba yangu nimeiacha kwa mhariri. Ile stuli ya bluu bado ninayo. Kibandani nina kiti chenye mgongo, siitumii. Ina ufa kidogo mguu mmoja ila inabeba mtu, na akienda nayo pamoja na barua ya daktari siku nyingine meneja anaweza akawa mwingine.

Msomaji wenu,
Wakala wa pesa, Mbagala, Dar es Salaam